Bango la Madereva Mlangoni kwa Dada

Bango la kwanza nililibandika mwenyewe kwenye ukuta wa hoteli yangu pale Malaba, upande unaotazama foleni ya malori. Nilitumia gundi ya unga wa ngano uliobaki baada ya chapati. Miaka hiyo ya tisini lori likifika mpakani lilikaa, trela nyuma ya trela kurudi upande wa Amagoro, na madereva na matanboi wao, wale wasaidizi wa garini, hawakuwa na kazi ila kula, kunywa na kutafuta pa kulala. Mimi niliwapikia. Nilijua nani hali maharagwe, nani ana mke Mombasa na mwingine Kampala, na nani amekonda tangu safari iliyopita. Waganda walishaupa ule ugonjwa jina, siliimu, kwa jinsi unavyokondesha. Sisi upande wetu tulikuwa bado tunanong'ona.

Mabango yaliletwa na kijana wa mradi kutoka Nairobi. Watu walimwita daktari kwa sababu alibeba maboksi ya kondomu, ingawa alisema mwenyewe kwamba hajawahi kumdunga mtu sindano. Kazi yake ilikuwa matangazo. Alikuwa ametangaza sabuni kabla ya hapo, na alisema uhai unaweza kutangazwa vilevile, mradi ujue unayemtangazia ni nani.

"Mama, wewe madereva wanakusikiliza," aliniambia.

"Wananisikiliza nikiwaambia nyama imeisha," nikamjibu.

Akacheka, akatandaza bango juu ya meza. Lori jekundu. Dereva mwenye kofia anachungulia dirishani. Msichana mwenye mkoba amesimama kando ya barabara. Chini, maneno makubwa: DEREVA, NYUMBANI WANAKUNGOJA. TUMIA KONDOMU. Kulikuwa pia na stika za kubandika kwenye kioo cha gari, na vibiriti vyenye picha hiyohiyo, kwa kuwa madereva wanavuta sigara sana. Kijana alikuwa amefikiria kila kitu. Alijua wanakunywa baa gani, wanapenda mzaha wa aina gani, hata kofia ya yule dereva wa kuchorwa ilikuwa kama zile zao.

Nikamuuliza kama nibandike na sokoni Amagoro. Nikamuuliza kuhusu kanisani kwetu, na kuhusu ziwani ambako dada yangu ameolewa.

"Hapana mama. Hapa tunalenga," akasema. "Ukiongea na kila mtu, hakuna anayesikia. Huyu ndiye anaubeba ugonjwa kutoka mji mpaka mji." Akaweka kidole juu ya yule dereva mwenye kofia.

Basi nikabandika alikosema. Kwenye lojingi zote, kwenye baa, kwenye vituo vya mafuta, kwenye kibanda cha maajenti wa forodha, hata kwenye mlango wa choo nyuma ya hoteli, maana pale mtu hana budi kusoma. Na sitaki kusema uongo, ile kitu ilifanya kazi. Mwanzoni walinichokoza. "Mama Chapati siku hizi ni nesi!" "Mama, nipe mbili na chai." Lakini walichukua. Mmoja, jitu zima kutoka pwani, alisimama mbele ya bango akiwa na sahani ya nyama mkononi, akasoma, akaiweka sahani mezani bila kuigusa, akaenda kulala ndani ya gari lake peke yake. Nyama yake nilimpa tanboi. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikaimba jikoni.

Kilichoniudhi ni wengine. Mwuza nyama wa Amagoro aliniambia waziwazi kwamba yeye hana wasiwasi, kwa sababu hana lori. Kanisani mama mmoja aliomba kwa sauti kubwa, akimshukuru Mungu kwa kuwapa wanawake wa pale waume wakulima, wasioshika usukani. Watu wote wakaitikia amina. Mwaka haujaisha, ugonjwa ukawa na jina jipya kila mahali, ugonjwa wa madereva. Mtu akikonda na hajawahi kupanda trela, basi ni malaria, ni kurogwa, ni kitu kingine chochote.

Shemeji yangu alikuwa mvuvi wa Osieko. Sisi ni watu wa Butula, na dada, mkubwa wangu, aliolewa huko chini ziwani akiwa msichana mdogo. Alimpenda mume wake, na mume alimpenda. Shemeji alipoanza kuumwa nilikwenda kumwona, na mara moja nikajua. Nilikuwa nimeiona ile shingo iliyokonda kwa madereva wangu. Lakini pale bomani kwao walisema alivunja mwiko wa babu yake, ndio maana anaisha hivyo. Dada alimwosha, akamlisha, akambeba mgongoni kwenda chooni, mwanamume mzima ambaye zamani alikuwa akivuta nyavu peke yake. Akafa msimu wa kiangazi. Tukamzika.

Baada ya mazishi ndipo shida ya kweli ilipoanza. Kwa wakwe wa dada, mjane hapandi mbegu kabla hajarithiwa na mwanamume. Na kulala naye ndiko kurithi kwenyewe, wala si maneno tu. Tena mume wake alikuwa kifungua mimba wa boma lile, kwa hiyo yeye asipopanda, hakuna aliye chini yake anayeruhusiwa kupanda. Shemeji zake, wake zao, wote wanangoja. Mvua inanyesha, majirani wanapanda, na nyinyi mmekaa mnatazama majembe. Mama mkwe alimweleza bila kuzunguka. Arithiwe na mdogo wa marehemu, au afunge virago arudi kwao Butula, na watoto wabaki kwa baba yao.

"Baba yao yuko kaburini," dada alimwambia.

"Basi watabaki na kaburi," mama mkwe akasema.

Dada akaja kwangu Malaba kupumua kidogo. Hakulia. Alikaa kwenye benchi akikuna nazi niliyoletewa na dereva wa Mombasa, macho yake kwenye bango ukutani. Alikuwa ameacha shule mapema, kwa hiyo alisoma pole pole, midomo ikitembea.

"Wanaume wakiona hii wanafanya aje?" akaniuliza.

"Wengine wanacheka, wengine wanaogopa."

"Wanaogopa kweli?"

Nikamsimulia habari za yule jitu aliyeacha nyama. Akasikiliza vizuri, akapangusa mikono.

"Nipe moja," akasema.

Nilidhani anataka kuwaonyesha majirani. Nikampa. Akalikunja akalitia ndani ya kanga yake, na kesho yake akaondoka.

Alilibandika mlangoni kwake. Mbele kabisa, usawa wa macho ya mwanamume. Alitumia uji mzito wa mhogo, na alipaka kwa mkono mpaka kwenye kona, likashika kama rangi. Yule shemeji mdogo alipokuja jioni na mkeka wake chini ya kwapa, kama desturi inavyotaka, alikutana na lori jekundu. Dada alikuwa ndani, akamwambia kupitia mlangoni, "Soma kwanza." Shemeji akasoma. Akaliangalia lile bango, akauangalia mkeka, akageuka akarudi kwa mke wake.

Niliposikia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alaa! Dada yangu! Mimi nimezunguka Malaba nzima na ndoo ya gundi, sijawahi kumkimbiza mwanamume hata mmoja kwa karatasi moja.

Nilikwenda kumwona, na nilipofika kicheko kikaniisha. Ni kweli alikuwa analala peke yake na watoto wake. Lakini bango ni bango, halichagui anayelisoma. Walioliona walisema mjane mwenyewe ametangaza kwamba anao ule ugonjwa. Wanawake wa ufuoni waliacha kumgawia samaki. Akienda kisimani, wanangoja aondoke ndipo wateke. Watoto wake walipewa chakula kwenye majani ya mgomba, eti sahani zisichafuke, na kwenye boma lao wenyewe! Wake za shemeji zake, wa nyumba za chini, hawakuwa wakimsalimia. Na sitawalaumu kwa kila kitu, kwa sababu mvua ilikuwa inakwenda na wao pia walikuwa na watoto. Kila asubuhi walitoka wakatazama mawingu yakitoka ziwani, kisha wakautazama mlango wa dada.

"Na wewe, unajua kama unao?" nikamuuliza.

"Nitajuaje? Mimi najua sitaki mwanaume," akasema. "Nataka kulea hawa. Wakinichukia, wanichukie. Hapa nimefunga."

Alisema hivyo huku akitabasamu, akigonga lile lori kwa kidole. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mjane yeyote hukonda. Nilimwamini kwamba atashinda. Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka kitu chochote changu mwenyewe.

Huko ziwani kuna wanaume ambao kurithi ndiyo kazi yao. Boma likikosa mtu wa kumchukua mjane, wanaita mmoja wao kutoka mbali. Anapewa chakula, pombe na jogoo, analala kwa mjane, anaondoka, na boma linapanda. Watu hawawapendi. Wanawadharau na wanawahitaji. Siku walipomleta wa dada yangu nilikuwa pale, nimepeleka unga.

Ningefurahi kuwaambia alikuwa mlevi, mchafu, mwenye macho mekundu. Wapi! Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi, akanisalimia kwa mikono miwili na kuniita mama. Aliwahi kufundisha watoto wa nasari mahali fulani. Alikuwa mpole, na upole wake unaniudhi hadi leo. Alikuja mchana, jua likiwaka kati ya mvua mbili, nyuma yake mama mkwe na wanawake wa boma. Dada alikuwa ndani na watoto. Mimi nikasimama mlangoni, nimeshika nguzo huku na huku.

"Soma kwanza," nikamwambia.

Akasoma. Alisoma kwa sauti, vizuri, bila kukwama, kama mtu anayesoma somo kanisani. Dereva, nyumbani wanakungoja. Kisha akanigeukia.

"Lakini hii ni ya madereva, mama."

"Ni ya kila mtu!"

"Imeandikwa wapi?" akauliza, na hakuwa ananidhihaki, alitaka kweli kuonyeshwa. "Mimi sina leseni. Hata baiskeli sina."

Wanawake wakacheka. Mimi nikaligeukia lile bango, mimi niliyelibandika kwenye kila ukuta wa Malaba, nikatafuta. Lori. Kofia. Msichana na mkoba wake. Hapakuwa na mtumbwi. Hapakuwa na mjane, wala shamba, wala mtu mwenye shati la pasi amekuja kupewa jogoo. 

"Huyu aliyekufa hapa alikuwa dereva?" nikapiga kelele. "Si alikuwa mvuvi? Si mmemzika?"

"Mtoto wangu aliuawa na mwiko," mama mkwe akasema. "Usimweke mtoto wangu kwa mambo ya barabara."

Nikafungua mkoba. Nilikuwa natembea na kondomu siku zote, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikatoa pakiti, nikamnyooshea yule mtu. Nikasema basi, kama lazima, atumie hii. Akaipokea, akaitazama, akamtazama mama mkwe.

"Wewe ukipanda mahindi unayapanda na gunia?" mama mkwe akaniuliza. Wanawake wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto, kwamba wakilala na kitu katikati, mjane hajarithiwa, na boma likipanda juu ya uongo huo watakufa watu. Aliamini kila neno. Yule mtu akanirudishia pakiti yangu kwa mikono miwili.

"Mimi nafanya vile boma linataka, mama," akasema.

Nikakataa kutoka mlangoni. Haki ya Mungu, wangenikata mikono. Nilimtukana yule mtu, nikamtukana mama mkwe, nikayatukana majembe yao. Kisha dada akanigusa bega kutoka ndani.

"Mdogo wangu, huo unga umeleta ni wa kutufikisha wapi?"

Wa siku chache tu. Alijua, na mimi nilijua.

"Watachukua watoto," akasema. "Wamesema kama si leo, kesho wanakuja na chifu, na mimi nitoke. Nenda ukakae kwa mama mmoja muuza samaki kule barabarani. Chukua watoto, wasikae hapa."

"Twende wote Butula. Twende sasa hivi."

"Na wao? Watawaacha watoto wangu watoke kwa boma lao?"

Akaniondoa mkono kwenye nguzo, kidole kimoja kimoja, bila hasira. Nikawachukua watoto. Nilipofika njiani niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameanza kulibandua bango kwa kucha, na uji wa dada ulikuwa umeshika, halibanduki. Yule mtu akamzuia.

"Liache tu," akasema. "Watoto wanapenda hilo lori."

Akavua viatu, akaingia.

Asubuhi nilipita pale nikawaona shambani. Dada alikuwa mbele na jembe, anaweka mbegu, anafukia kwa mguu. Nyuma yake walikuwa wanawake wa nyumba za chini, wamejifunga viuno, wanaimba kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa. Mmoja alimwita dada kwa jina la heshima na kumpa maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe. Mimi sikuitwa, na dada hakuinua kichwa. Nikapanda nyuma ya baiskeli ya boda boda, nikalia mpaka Busia bila kujificha. Mwenye baiskeli aliniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia bado.

Kijana wa mradi aliporudi na maboksi mengine alikuwa na furaha. Madereva walikuwa wanaomba kondomu kabla hujawaambia, na wakubwa wake walikuwa wamesifu kazi ya Malaba. Nikampikia, nikakaa mbele yake, nikamweleza yote. Aliacha kula. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Macho yalimwiva.

"Chora mvuvi," nikamwambia. "Chora mjane mlangoni. Andika kwamba yule unayemwita aje kulala na mjane anatoka kwa mjane mwingine. Mimi nitabandika, hata kwa miguu."

"Mama, hao hawako kwa mradi huu," akasema pole pole. "Nitawaambia Nairobi. Labda mradi mwingine."

"Labda," nikasema. Nikamwambia achukue mabango yake akabandike kwa mlango wa mama yake. Baadaye nikayabandika tu, kwa sababu madereva nao ni watoto wa watu. Watu huniuliza kama najilaumu kumpa dada ile karatasi. Sijilaumu hata kidogo. Nina hasira, na hasira yangu haijazeeka.

Kama dada alikuwa nao kutoka kwa mume wake, au aliupata kwa yule mtu, au ni yeye aliyempa yule mtu akaondoka nao, hakuna ajuaye. Hospitali ilikuwa mbali, na hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba yule mtu alitoka pale akaenda kwa mjane wa boma la pili, halafu ng'ambo ya mto, kwa sababu alikuwa msafi na mwenye heshima na watu walimsifu kwa wenzao. Dada alivuna yale mahindi, akapanda tena na kuvuna tena. Kisha nikaiona shingo yake. Nilimleta Malaba nikamuuguza kwenye chumba cha nyuma ya hoteli, na alipokaribia mwisho akaomba kurudi kwa watoto. Alikufa kabla ya mvua. Walimzika kando ya mume wake, na nyumba yake ikafungwa.

Niliporudi kuwaomba watoto, mvua ilikuwa imeshanyesha mara ya kwanza na boma lote lilikuwa shambani. Nyumba ya kifungua mimba haikuwa na mtu tena, kwa hiyo hapakuwa na wa kungojwa. Watoto wa dada walikuwa kwenye mstari, wanaangusha mbegu. Mama mkwe alikuja kunipokea, mkono umejaa mahindi, akaniambia niwachukue tu, yeye hana nguvu za kulea tena.

"Mwaka huu hatukuchelewa," akasema. Halafu akakaa chini kwenye matuta, akaanza kulia, na mimi nikasimama nikimtazama, nisimguse.